Kihisi cha haidrojeni kwenye chumba cha betri: kukifunga, kukisawazisha na kukisoma hewa inapobadilika

Betri ya asidi ikishajaa na chaja ikaendelea kuisukumia umeme, umeme ule hugeukia maji ya betri na kuyavunja kuwa oksijeni na haidrojeni. Yale mapovu unayoyaona ukifungua vizibo ndiyo hayo. Haidrojeni haina harufu wala rangi, na ni nyepesi kuliko hewa mara 14, kwa hiyo inapanda moja kwa moja hadi darini na kutulia huko. Ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, na cheche ya kuwashia taa inatosha kabisa kuiwasha.

Jambo hili nililitia maanani siku nilipoitwa kwenye kibanda cha kuchaji betri baada ya moja kupasuka. Kijana wa pale alikuwa ametoka kutafuta chenji, ndiyo maana yu hai. Ukuta ulikuwa umechirizika asidi, mfuniko wa betri tuliuokota nje ya mlango, na dirisha la pekee lilikuwa limezibwa kwa plaiwudi kwa kuogopa wezi. Tangu hapo sifungi betri za maji ndani ya chumba bila kihisi cha gesi hiyo. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba kukifunga ni kazi ya nusu siku, ila kuijua tabia yake katika joto na unyevu wa mahali kilipo ni kazi ya wiki nzima. Wengi huiruka wiki hiyo, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake.

Kabla ya yote, piga hesabu ya chumba

Kila ampea moja inayopita kwa saa moja katika seli iliyokwisha jaa hutoa karibu lita 0.46 za haidrojeni kwenye joto la nyuzi 30. Betri nne za volti 12 zilizofungwa mfululizo zina seli 24. Kontrola ya chaji ikiharibika na kuendelea kusukuma ampea 10, basi 24 × 10 × 0.46 ni lita 110 kila saa. Chumba cha mita 3 kwa 2 chenye kimo cha mita 2.5 kina lita 15,000 za hewa. Kikiwa kimefungwa kabisa, asilimia 1 inafika baada ya saa moja na dakika 20 hivi, na asilimia 4 kabla ya saa sita kutimia. Hapo nimechukulia kwamba gesi imesambaa sawasawa. Darini inatangulia.

Kwa hiyo toboa matundu kwanza: moja chini karibu na sakafu, jingine juu kabisa upande wa pili. Kihisi hakitoi gesi nje. Kazi yake ni kukuambia kwamba matundu yameziba au chaja imeharibika.

Kinachohisiwa ni nini hasa

Mwaka 1962 huko Japani, Tetsuro Seiyama wa Chuo Kikuu cha Kyushu alionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki uliopashwa moto hubadilisha ukinzani wake wa umeme unapokutana na gesi. Mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Herufi TGS zilizo kwenye vihisi vya kampuni ya Figaro zinatokana na jina lake, na vihisi vya mfululizo wa MQ tunavyovinunua leo vinafuata njia hiyohiyo.

Ndani yake kuna chembechembe za oksidi ya bati (SnO2) zilizogandamana, na hita ndogo inayozipasha hadi kati ya nyuzi 200 na 400. Katika joto hilo, oksijeni ya hewani hujibandika juu ya chembe na kuzinyang'anya elektroni. Umeme unaotaka kuruka kutoka chembe moja hadi nyingine unakuta njia imekauka, ukinzani unapanda. Haidrojeni ikija, inaichukua oksijeni ile iliyojibandika, zinaungana kuwa mvuke wa maji, na elektroni zinarudi kwenye chembe. Ukinzani unashuka. Palladi au platini kidogo huchanganywa humo kama kichocheo ili jambo hilo litokee upesi.

Ukiyashika haya, mengine yote yanafuata. Kihisi hakihesabu haidrojeni. Kinaonyesha ni oksijeni kiasi gani imebaki juu ya chembe za moto, na chochote kinachoigusa oksijeni ile, au nafasi inayoikalia, au moto unaoipasha, kitabadilisha namba yako hata kama betri hazijatoa gesi yoyote.

Hatua ya 1: Nunua na ukague

MQ-8 ndicho kihisi cha haidrojeni kinachopatikana kirahisi, na kipimo chake kizuri ni kati ya sehemu 100 na 1,000 kwa milioni (ppm). Asilimia 1 ni ppm 10,000, kwa hiyo kifaa hiki ni cha kukuamsha mapema, muda mrefu kabla ya hatari.

Bodi nyingi za bei nafuu huja na rezista ya mzigo iliyoandikwa 102, yaani kiloomu 1, wakati karatasi ya maelezo ya kihisi inapendekeza kiloomu 10. Matokeo yake ni kwamba katika hewa safi unapata volti kidogo mno, na Arduino (bodi ndogo ya programu inayosoma kihisi) inakuonyesha namba kama 8 au 10. Hapo hatua moja tu juu au chini ni kosa la asilimia 10. Ibandue kwa solda na uweke ya kiloomu 10. Ikiwa hewa safi bado inasoma chini ya 30, panda hadi 22 au 47.

Hatua ya 2: Umeme wa hita

Hita inataka volti 5.0, isipungue wala kuzidi kwa zaidi ya 0.1, na inakula kiasi cha miliampea 160. Usiichote kwenye pini ya Arduino inayolishwa na volti 12, maana kirekebishi cha bodi kitachemka na volti zitashuka. Tumia kishusha volti cha pekee kutoka kwenye betri, kisha pima kwa mita kwenye miguu ya kihisi chenyewe, hita ikiwa inawaka. Joto la hita linakwenda na mraba wa volti: ukipata 4.5 badala ya 5, nguvu iliyobaki ni asilimia 81 tu, na kihisi kilichopoa hivyo si kile ulichokisawazisha. Kama unatumia ESP32, bodi nyingine ya aina hiyo, kumbuka pini zake zinavumilia volti 3.3, kwa hiyo pitisha ishara kwenye rezista mbili za kugawa volti.

Hatua ya 3: Kiache kiwake siku mbili

Kihisi kipya kina unyevu na uchafu uliojibandika tangu kilipokuwa stoo. Kiwashe saa 48 mfululizo kwenye hewa safi kabla hujaamini namba yoyote. Kila kikizimwa kwa siku kadhaa, kipe tena masaa kadhaa. Nimeona watu wakikisawazisha dakika tano baada ya kukiwasha, kisha wakashangaa kesho yake.

Hatua ya 4: Geuza volti kuwa ukinzani

Usifanye kazi na volti wala namba ghafi. Fanya kazi na ukinzani wa kihisi, Rs:

Rs = RL × (5 ÷ V − 1)

RL ni ile rezista ya mzigo, V ni volti inayotoka kwenye kihisi. Tuseme Arduino Uno imesoma 96 kati ya 1023. V ni 96 × 5 ÷ 1023, sawa na 0.469. Kwa rezista ya kiloomu 10, Rs ni karibu kiloomu 97. Chukua wastani wa masomo 50 kabla ya kuandika namba.

Hatua ya 5: Sawazisha kwa ndoo

Majedwali ya mtandaoni yanayogeuza Rs kuwa ppm yamechorwa kutoka kwenye kihisi cha mtu mwingine. Vihisi viwili kutoka kwenye boksi moja vinaweza kutofautiana mara kadhaa. Tengeneza mstari wako.

Tafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Pima ujazo wake halisi kwa kuijaza maji kwa chupa ya lita moja na nusu, kisha ikaushe kabisa. Ndani weka kihisi, feni ndogo ya kompyuta na kipima joto na unyevu kama BME280 au DHT22. Toboa tundu dogo kwenye mfuniko na ulibandike utepe. Kwa ndoo ya lita 20, kila mililita 2 za haidrojeni ni ppm 100.

Gesi yenyewe utaitengeneza nje, kwenye hewa wazi, mbali na moto. Koroga magadi soda kwenye beseni la maji. Usitumie chumvi, itakutolea klorini. Chukua bomba kubwa la sindano, toa pistoni, na uunganishe mdomo wake na kipande cha mpira wa dripu chenye kile kibano chake cha gurudumu. Lizamishe lote hadi lijae maji, funga kibano, kisha lisimamishe mdomo ukiwa juu. Ingiza kwa chini risasi ya penseli iliyofungwa kwenye waya hasi. Risasi ya pili, ya waya chanya, ikae pembeni mbali ili oksijeni yake isiingie. Mkondo wa ampea 0.3 unakupa mililita 20 kwa dakika tisa hivi. Kusanya 30 tu, usitamani zaidi.

Kwa bomba dogo, chota gesi kupitia mpira ule. Mchoto wa kwanza umwage, una hewa ya kwenye mpira. Kisha andika Rs ya hewa safi ndani ya ndoo, ingiza mililita 2, subiri dakika tatu feni ikizunguka, andika. Ongeza 8 ufike ppm 500, andika. Ongeza 10 ufike ppm 1,000, andika. Usichelewe, kwa sababu haidrojeni hupenya kwenye mianya ambayo hata maji hayapiti.

Ukichora namba hizo kwenye karatasi ya grafu yenye logi pande zote mbili zitakaribia mstari ulionyooka, na mteremko wake, α, unaupata kwa nukta mbili. Tuseme ppm 100 ilikupa kiloomu 40 na ppm 1,000 ikakupa 8. Logi ya 40 ÷ 8 ukiigawa kwa logi ya 1,000 ÷ 100 ni 0.70. Baada ya hapo, kwa Rs yoyote:

ppm = 100 × (40 ÷ Rs) kwa kipeo cha 1 ÷ 0.70

Rs ya 20 itakuwa ppm 270. Weka namba zako badala ya hizi zangu za mfano.

Hatua ya 6: Rudia hewa ikiwa nyingine

Hapa ndipo penye kazi. Siku ya pili, rudia jaribio lilelile la ndoo, ila kwanza ning'iniza ndani kitambaa kibichi kwa nusu saa. Utaona mambo mawili. Rs ya hewa safi imeshuka kabla hujaingiza gesi hata tone, na umbali kati ya hewa safi na ppm 1,000 umepungua. Mvuke wa maji unakalia nafasi za oksijeni juu ya chembe na wenyewe unaachia elektroni. Kwa kihisi, unyevu unafanana na gesi kidogo, na wakati huohuo unakifanya kiwe kizito kuisikia gesi ya kweli.

Angalizo kubwa: asilimia ya unyevu pekee inadanganya. Kinachokigusa kihisi ni gramu za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa iliyoshiba kabisa inabeba gramu 12.8 kwenye nyuzi 15, 17.3 kwenye 20, 23 kwenye 25, 30.4 kwenye 30 na 39.6 kwenye 35. Zidisha kwa asilimia uliyoisoma. Karatasi ya MQ-8 imepimwa kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65, yaani gramu 11. Usiku wa Tanga wenye nyuzi 30 na asilimia 80 una gramu 24, zaidi ya mara mbili. Asubuhi ya Lushoto yenye nyuzi 15 na asilimia 80 hiyohiyo ina gramu 10 tu.

Hili nililijifunza kwa aibu. Kihisi nilichokisawazisha Lushoto wakati wa baridi nilikipeleka Tanga, kikawa kinapiga kelele kila usiku. Wiki ya pili mwenye nyumba akakichomoa, na simlaumu. Nilipotafakari nikaona safari ya kinyume ingekuwa mbaya zaidi: kihisi cha pwani kikipelekwa kwenye ubaridi wa milimani kinaona Rs iliyopanda, kinadhani hewa ni safi kuliko ilivyo, na kengele inachelewa. Huko juu kuna jambo jingine pia. Lushoto ipo takriban mita 1,400 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa, pamoja na oksijeni yake, umepungua kwa karibu asilimia 15. Oksijeni ikipungua juu ya chembe, Rs inashuka kidogo. Kwa kawaida mvuke wa maji ndio wenye nguvu zaidi, lakini usikisie: sawazisha mahali kitakapokaa.

Sasa kipe chumba chako wiki moja. Kihisi na kipima unyevu viwe mahali pao, madirisha wazi, na chaji isifike kwenye volti za kutoa gesi. Andika Rs, joto na unyevu kila dakika kumi. Mwisho wa wiki utakuwa na jedwali: kwa gramu 18 hewa safi yangu ni Rs hii, kwa gramu 22 ni ile. Tangu hapo programu isilinganishe Rs na namba moja ya kudumu. Isome unyevu wa wakati huo, ichukue Rs safi ya unyevu huo kwenye jedwali, na igawanye. Uwiano huo ndio wa kuuamini. Mistari miwili ya ndoo, mkavu na mbichi, nayo igawanye kwa Rs safi uliyoiandika ndani ya ndoo siku ile, kisha tumia ulio karibu na hewa ya saa hiyo.

Kuna watu wanaoandika programu inayojisahihisha yenyewe, ikihesabu kila kinachodumu kuwa hewa safi. Mimi naipinga kwenye chumba cha betri. Gesi inayoongezeka polepole usiku kucha ndiyo hasa unayoitafuta, na programu ya namna hiyo itaizoea kidogo kidogo hadi asubuhi isiione. Ruhusu marekebisho ya hewa safi wakati mmoja tu: chaja imezimwa na mlango uko wazi.

Kuhusu gesi nyingine, MQ-8 inaipenda haidrojeni zaidi, lakini si kipofu kwa moshi wa jiko la mkaa, sanitaiza, thina ya rangi au petroli. Njia yangu ya kuzitenganisha ni kuandika volti ya betri kando ya kila somo. Betri ya volti 12 huanza kutoa gesi kwa wingi inapopita volti 14.1 hadi 14.4. Uwiano ukishuka wakati huo, ni betri. Ukishuka saa tano usiku betri zikiwa kwenye 12.6, uliza kama kuna aliyepaka rangi.

Wala usikijaribu kwa kiberiti cha gesi. Gesi ile ni butani, na kihisi hiki kinaisikia kwa udhaifu. Kikiitikia hujajua lolote kuhusu haidrojeni, kisipoitikia utakitupa bure.

Hatua ya 7: Mahali pa kukiweka

Juu ya betri, sentimita 10 hadi 30 kutoka darini, kwenye sehemu ya juu kuliko zote. Boriti zikigawa dari kuwa vyumba vidogo, chagua kile kilicho juu ya betri. Kengele za gesi ya kupikia huwekwa chini kwa sababu gesi ile ni nzito, usiige huko. Kisikae mbele ya feni wala tundu la upepo, kwa kuwa upepo unaipoza hita. Chini ya bati tupu lisilo na dari, mchana joto linaweza kukishangaza, basi kishushe kidogo. Rilei, swichi na bodi ya programu vikae nje ya chumba, na ndani uingie waya wa kihisi tu. Kihisi kina wavu wa kuzuia moto usitoke, lakini bodi hizi hazina cheti cha kutumika kwenye gesi inayolipuka.

Hatua ya 8: Kengele

Ppm 500 kwa dakika tano: washa feni ya kutoa hewa, ambayo mota yake iwe nje ya njia ya gesi. Ppm 1,000: kata chaja na piga king'ora. Ongeza na kengele ya tatu ambayo wengi huisahau, ile ya Rs kupotea kabisa au kukaa namba moja bila kutikisika saa nzima, maana hita iliyoungua inafanana sana na hewa safi.

King'ora kikilia, usiguse swichi yoyote ndani. Kata umeme wa chaja kwa nje, fungua mlango na madirisha, ondoa watu. Usifungue vibano vya betri, cheche zake zinaweza kuiwasha gesi. Rudi namba zikishashuka.

Hatua ya 9: Utunzaji

Adui mkubwa ni silikoni. Mvuke wa gundi ya silikoni, ya kuzibia madirisha au mabomba, hujenga tabaka juu ya chembe ambalo haliondoki, na kihisi hufa kikiwa kinaonekana kizima. Usiitumie chumbani, wala kwenye boksi la kihisi. Ukungu wa asidi nao unakula miguu yake, kwa hiyo kiangalie kila mwezi.

Kila miezi mitatu kirudishe kwenye ndoo kwa nukta moja tu, ppm 500. Kikitofautiana kwa zaidi ya robo na cha mwanzo, rudia hatua ya 5 yote. Mimi huning'iniza kadi kwenye mlango wa chumba: tarehe, Rs ya hewa safi, joto, gramu za mvuke, Rs ya ppm 500. Fundi atakayekuja baada yangu aikute hapo.